Droni Zilimrudisha Juma

Asubuhi ile tulikuwa tunapima vitunguu. Mimi na mume wangu Hamisi, mdogo wake Juma na mkewe Husna, tulikuwa tumetoka Ulemo na mzigo wetu mpaka kijiji kimoja ng'ambo ya Ruvuma, ambako bei ilikuwa nzuri. Husna alilalamika kwamba joto la kule linanata mwilini, si kama la kwetu Iramba.

Saa nne wapiganaji wa msituni waliingia sokoni.

Mimi na Husna tulilala kifudifudi kwenye shamba la mihogo. Niliona viatu vyao.

Waume zetu walifungwa kamba, wakapelekwa msituni kubeba mizigo.

Tulivuka mto, tukawasubiri upande wa kwetu. Tulilalia mkeka mmoja, tukala sahani moja. Wiki ya saba droni za jeshi zikaja. Zilivuma juu kama mashine ya kusaga iliyo mbali, kisha ardhi ikatikisika. Watu walishangilia. Na mimi nilishangilia.

Juma alirudi peke yake, akichechemea. Alisimulia kwamba kambi ilipigwa yeye akiwa mtoni anachota maji. Makamanda waliuawa, waliobaki wakatawanyika, mateka wakakimbia. Hamisi alikuwa amelala ndani ya kambi.

"Shemeji, bila zile droni nisingerudi," aliniambia.

"Na kaka yako?"

Aliinamisha kichwa. Akasema zamu ya maji ilikuwa ya Hamisi, ila aliamka na homa, wakabadilishana.

Sasa tuko Ulemo, nyumba zetu zinatazamana. Husna alijifungua mtoto wa kiume, akamwita Hamisi. Watu waliona ni heshima. Mimi niliona amenichukulia hata jina.

Wanaouliza kama droni zilisaidia, Juma huwajibu ndiyo, na hadanganyi. Kijiji kile kilivuna msimu ule. Lakini mwaka uliofuata mteja wetu wa kule alipiga simu. Wapiganaji wamerudi, wachache wachache. Hawajengi tena kambi, wanalala kwenye nyumba za watu, na huko droni haiwezi kupiga.

Mwezi uliopita Husna alikuja kunisaidia kupeta mtama.

"Dada, najua unavyoniangalia," alisema.

Sikukana. Nilimwambia kwamba kila nikisikia mumewe anacheka, natamani wasingebadilishana zamu.

Alipeta ungo wote kwanza.

"Ningekuwa wewe, ningetamani hivyo hivyo," akasema.

Wivu haujaisha. Hamisi hana kaburi, na Juma yuko hai. Yote mawili yalifanywa na bomu moja.