Vijiko Viwili vya Sukari

Karani wa mikataba pale mjini Montería hatulii. Kutwa anachezea kalamu, na akija mteja anavuta kiti mpaka magoti yake yamwelekee mwenye shauri, si aliyemleta. Doña Eneida alikerwa na kiti hicho. Alikuja aandikwe msimamizi wa Yadira, bintiye mtu mzima anayechelewa kuelewa mambo. "Sheria ya kumwekea mtu mzima msimamizi ilishafutwa, mama," karani akamwambia. "Sasa Yadira ndiye anayeamua, na ndiye anayechagua wa kumsaidia." "Achague nini huyu? Mimi ndiye mdomo wake!"

Kahawa ikaletwa. "Sukari vijiko vingapi, dada Yadira?" karani akauliza. "Viwili," akajibu mama, ameshavitia kwenye kikombe cha bintiye na anakoroga. Karani hakugeuka. Kalamu ikatulia, akangoja. "Sitaki sukari," Yadira akasema taratibu. "Sijawahi kuipenda." Karani akammiminia nyingine. Doña Eneida akabaki na kijiko mkononi, hajui akiweke wapi.