Kidole cha Shahada Ukutani

Mjomba alinipigia simu mwezi uliopita, hata salamu hakuimaliza. "Njoo Sindeni uangalie kama kuna chako. Jiko la bibi yako nalibomoa, nataka kujenga la tofali." Kesho yake nikafunika cherehani yangu hapa Korogwe nikaenda. Eti chako! Mjomba naye. Atajuaje kwamba chote nilichokuwa nacho utotoni kilikuwa kwenye ukuta wa jiko lile?

Ngoja nikueleze mwenyewe, maana ukiisikia kwa wengine utaambiwa habari ya muujiza.

Nililelewa na Bibi, mzaa mama. Mama alikuwa na kidole cha shahada kilichopinda. Alichomwa na mwiba wa mkonge akiwa msichana, kikavimba, kikapona kimejikunja. Siku moja, kabla sijaanza shule, alikandika jiko la Bibi kwa udongo mwekundu. Alipomaliza akaburuza kiganja chake ukutani kuelekea chini, akacheka, akaenda kunawa. Asubuhi hayupo. Alikuwa amemfuata mwanamume wa Vugiri, mtu wa kanisani. Bibi akasema, "Asitajwe humu ndani." Na kweli hakutajwa.

Nikabaki na ile alama ya vidole. Bibi akienda shamba, nami narudi jikoni naweka kiganja changu juu yake, kidogo mno, kinapotea. Udongo ulikuwa wa baridi na ulinukia moshi. Nyumba ilikuwa kimya, rafiki yangu, kimya cha kuchosha. Ukisikia kitu ni kuku anaparura, au mchi wa jirani kwa mbali. Bada langu la unga wa muhogo na mboga ya mchunga nilikula nimeuegemea ukuta ule, nisijione niko peke yangu.

Idd ikakaribia. Kwetu nyumba zote hukandikwa upya kabla ya Idd, na Bibi hakuwa mtu wa kupitwa. Alianzia barazani, mimi nachota maji polepole ili asifike jikoni. Alipofika jikoni, udongo tele mkononi, jirani yetu akaingia kuomba moto. Kigae chake cha kuchukulia makaa kikamponyoka.

"Laa ilaha illallah! Mama wee, hulioni? Si jina la Mwenyezi Mungu hili!"

Na ukitazama kuanzia kulia, ni kweli. Kidole kidogo cha mwisho kimesimama kama alifu, viwili vya katikati ni lamu na lamu, na kile kilichopinda kimejikunja kushoto kama he. Herufi hizo nilishazijua chuoni, kwenye Kurani, lakini nilinyamaza. Ningesema ni mkono wa mama, Bibi angeufukia palepale.

Basi wakaja watu. Walitoka hata Misima kwa baiskeli, akina mama na chupa zao za maji ya kuombea, wafugaji wakapita na ng'ombe wao wakachungulia. Bibi aliwakaribisha wote, ila kugusa alikataza. "Tazama kwa macho," alisema, na aliyethubutu kunyoosha mkono alichapwa mwiko.

Mwisho akaja mwalimu wa chuo. Alitazama, akarudi nyuma, akatazama tena.

"Hii he ina kasoro," alisema. "Nani alikandika hapa?"

Bibi, aliyewahi kunichapa kwa kudanganya kwamba sikulamba sukari, alimjibu bila kupepesa macho: "Mimi mwenyewe, mwalimu. Kwa mikono yangu hii."

Nilifurahi kupita kiasi. Nilidhani uzee umemsahaulisha. Tangu hapo kila Idd alikandika jiko zima akauzunguka mkono ule, nami niliendelea kuugusa kwa siri, kiganja kizima, hadi kikakaribia kuuenea.

Nikiwa darasa la tano zikaja habari kwamba mama amefariki huko Vugiri. Bibi alisema, "Inna lillahi," akaingia jikoni, akafunga mlango. Nilikaa nje juu ya kinu kilicholazwa, nasubiri aniite. Hakuniita. Alipotoka alikuwa mkavu, akaniambia nikaanike mahindi. Nilimchukia kwa hilo, nasema kweli. Hata alipokufa yeye, nilimzika bado nina kinyongo.

"Shikamoo mjomba," nilisema nilipofika Sindeni siku ile.

"Marahaba. Harakisha, mafundi wananisubiri."

Paa lilikuwa limeshaondolewa, na kwa mara ya kwanza niliuona ukuta ule kwa mwanga wa jua. Vidole vitatu vya kulia vilikuwa vimefifia. Lakini kile kilichopinda kilikuwa kimechimbika ndani, laini, kinang'aa kwa kuguswa. Mimi siku zote niliweka kiganja kizima. Kidole kile peke yake sikuwahi kukigusa, na mtu mwingine hakuruhusiwa.

Bibi yangu hakujua kusoma hata alifu. Alichokuwa akikisoma pale ni mwanawe.

"Umekiona chako?" mjomba aliita.

"Nimekiona," nilisema. "Bomoa."

Sasa nimerudi Korogwe, nashona, na jiko la tofali naambiwa limefika kwenye linta, juu ya mlango. Litakuwa zuri, limenyooka, halina mkono wa mtu. Nami sijaacha kuwaza zile siku zetu. Tulikuwa wawili tu katika nyumba ile, tunamlilia mtu mmoja, na kila mmoja alikuwa akisubiri mwenzake atoke ndipo aingie jikoni.