Sauti ya Somoe Kwenye Mpunga wa Delta

Safari ile niliianza kwa sababu ya mwanamke asiyeumwa. Nilikuwa Kibiti, miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na maduka ya dawa yakachipuka kando ya barabara na kila mwenye kikohozi akajinunulia vidonge vya rangi mbili. Kazi yangu ilikuwa kuchunguza maradhi ya mapafu na ya utando unaoyafunika. Wagonjwa walikuja kutoka Mtawanya na Dimani wakikohoa njia nzima. Bi Sijali alipanga foleni nao, akaingia, akaniambia yeye mzima. Kilichomleta ni habari za Somoe, jirani yake wa shambani huko delta, mto unakogawanyika kuingia baharini.

"Simsemeshi wala hanisemeshi, tangu tugombanie mpaka," alisema. "Lakini mpunga unaiva na simsikii akiamia ndege. Mtu yule kuwa kimya si bure. Nendeni mkamtazame, ila msinitaje."

Huko delta, mpunga ukikaribia kuiva, mkulima huhamia kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo katikati ya shamba, akaamia, yaani akafukuza ndege kwa sauti, tangu alfajiri. Kila mtu ana mwito wake, na majirani wanaijua yote.

Asubuhi tuliondoka kwa gari, mimi, muuguzi Mama Rehema, na Bi Sijali aliyekuwa akirudi shambani. Mchangani tulisukuma gari zaidi kuliko lilivyotubeba. Nyamisati tukapanda mtumbwi, tukapita vijito vya mikoko, Mama Rehema akivicheka viatu vyangu vya mjini vilivyojaa tope. Siku hizi nikisikia harufu ya tope bichi huwa naikumbuka asubuhi ile, na moyo unaniuma kwa kuitamani.

Adhuhuri tukafika. Bi Sijali alishukia kwake bila kuaga. Somoe tulimkuta juu ya dungu, ameketi ameinamia upande mmoja, anagonga debe kwa kijiti. Mumewe alikuwa Dar akiuza mitumba, watoto wako kijijini kwa bibi yao. Kila maneno mawili alikatisha ili avute pumzi. Vidonge vya dukani alishavimaliza.

Niliweka kiganja mgongoni mwake, nikamwomba ahesabu moja, mbili, tatu. Kushoto sauti ilitetema mkononi mwangu. Kulia, hakuna kitu. Maji yalikuwa yamejaa kati ya pafu na mbavu. Alikumbatia gunia, nikapitisha sindano mgongoni, nikayavuta taratibu, yana rangi ya chai iliyopoa. Tulipomaliza alivuta pumzi ndefu, akatutazama kama mtu aliyeamshwa.

Kazi ngumu ikabaki. Dalili zilielekea kifua kikuu. Nikamweleza kwamba maji yatarudi asipopata dawa, na kwamba ugonjwa wenyewe unaua. Ilimpasa akae Kibiti, ameze dawa kila siku mbele ya muuguzi.

"Daktari, nikiondoka leo, nitarudi kwenye majani matupu," alisema. "Wanangu watakula dawa?"

Nikaanza kufungasha sindano zangu. Ndipo tukasikia mtu chini ya ngazi. Alikuwa Bi Sijali, ananitazama mimi peke yangu.

"Mwambie huyo aende. Nitamwamilia. Ndege hawajui mpaka."

Somoe naye akanigeukia. "Mwulize, mashamba mawili atayaweza kwa mdomo mmoja?"

"Mwambie mdomo wangu anaujua."

Nilisomea udaktari miaka mingi, siku ile nikawa tarishi wa wanawake wawili waliotengana hatua chache tu. Somoe akaanza kufunga kanga zake kwenye kifurushi.

Alasiri mtumbwi ulikuwa umeshaingia kwenye kijito tuliposikia mwito ukitoka kwenye dungu la Somoe. Ulianzia chini, ukapanda, ukavutwa, ukakatika ghafla: tokaaa! Kundi la ndege likaruka. Somoe aligeuka.

"Mama Rehema, huyo kaniibia sauti yangu," akasema. "Hivyo ndivyo mimi ninavyoita." Akacheka mpaka akashika mbavu, na machozi yanamtoka.

Kibiti alikaa mpaka mpunga ukavunwa. Siku ya kumruhusu aende akaimalizie dozi karibu na kwao, nilimwekea tena kiganja upande wa kulia, nikamwomba ahesabu. Hakuhesabu. Alivuta pumzi akaupiga mwito wake, wodi nzima ikageuka, na mkono wangu ukatetemeka mpaka kwenye kiwiko.

Maji ya kifuani nimeyavuta kwa wengi tangu hapo, na nimejifunza kuuliza kwanza nani atabaki shambani. Lakini siku ile nilimwuliza tu mbona hakuhesabu.

"Nilitaka kujua kama sauti imerudi," alisema, "au Sijali bado anayo."