Kandambili za Kiume Mlangoni pa Bi Wagiyem

Uchochoro mzima ulijua kwamba Bi Wagiyem amepata bwana. Ushahidi ulikuwa mlangoni pake: kandambili za kiume, kubwa kama mitumbwi, asubuhi hadi jioni.

"Mjane wetu kachangamka!" alipaza sauti Bi Parmi, jirani wa ukuta kwa ukuta.

"Na wewe tafuta wako!" akajibu Bi Wagiyem kutoka ndani, wala hakutoka.

Uvumi ulimfaa. Alichokuwa akilinda ni upawa wake. Katika uchochoro ule, nje kidogo ya mji wa Klaten, kisiwani Java, harusi haikupikwa bila yeye. Wanawake wote huja kusaidia, huyu anamenya vitunguu, yule anakuna nazi, lakini mchuzi wa fenesi bichi una mwenyewe. Na mwisho wa mwezi binti wa Bi Parmi alikuwa anaolewa.

Tatizo lilikuwa moyo. Ulikuwa dhaifu tangu mwaka juzi, na hospitali ilimwekea programu ya majaribio kwenye simu: kila asubuhi abonyeze uso unaocheka akiwa mzima, au unaolia pumzi ikimpaa au miguu ikivimba. Mara ya kwanza alipobonyeza unaolia, kwa ukweli wake wote, chai haijapoa pikipiki ya binti yake Yuniarti ikafunga breki mlangoni. Simu ilikuwa imemwambia. Yuniarti akalia, akamlaza mama yake, kisha akapita nyumba kwa nyumba kutangaza kwamba mama asiguse sufuria ya mtu. Harusi moja ikapita Bi Wagiyem akiambulia harufu.

Tangu hapo, ahema asiheme, alibonyeza uso unaocheka.

Kwa hiyo Tiurma, msichana aliyeibuni programu ile, alipokuja kumtembelea alikuwa amejaa furaha.

"Bi, kila siku unacheka tu! Programu inakusaidia?"

"Mno, mwanangu. Nzuri kupita kiasi. Kunywa chai."

Mwingine angekunywa chai akaondoka na sifa zake. Dunia imejaa vifaa vilivyosifiwa namna hiyo, na wagonjwa waliozikwa huku wakivisifu. Lakini Tiurma ni mtoto wa Medan, mji wa watu wasemao waziwazi, ulimi wake haujui kuzunguka.

"Bi, zile kandambili mlangoni ni za nani?"

"Za marehemu mume wangu."

"Na marehemu bado anazivaa?"

Bi Wagiyem alicheka mpaka pumzi ikamkatika, akashika nguzo. Tiurma akatazama chini. Miguu ilikuwa imeumuka kama unga wa maandazi.

"Viatu vyako havikuingii! Bi, utakufa!"

"Kufa nitakufa tu. Lakini bora wanisingizie bwana kuliko kunipokonya upawa. Hicho kidude chako kina kiherehere, mwanangu. Ukikiambia neno, mbio kwa watoto."

Tiurma akaitoa simu yake, akaitazama programu yake upya. Miezi yote amehangaikia rangi za vitufe na ukubwa wa maandishi, asijiulize hata mara moja mgonjwa anapoteza nini akisema kweli. Mtu mzima anashtakiwa kwa mwanawe, halafu tunashangaa anadanganya!

"Sasa ulitaka kimwambie nani?"

"Muuguzi. Yuniarti nitamwambia mimi, kwa mdomo wangu."

Palepale Tiurma akampigia muuguzi. Daktari akaongeza dawa ya kupunguza maji mwilini, na miguu ikaanza kunywea. Programu nayo ikarudi imerekebishwa. Asubuhi moja pumzi ilimpaa tena kidogo. Bi Wagiyem akautazama ule uso unaolia, akaubonyeza, akatega sikio. Pikipiki haikuja. Simu ikaita: muuguzi, kwa sauti ya taratibu, akimwita kliniki. Aliporudi akampigia binti yake.

"Niliumwa, nimetibiwa, na Jumamosi napika."

"Mama!"

"Nimekwambia au sijakwambia?"

Walivutana mpaka wakapatana: apike amekaa, asinyanyue kitu, asionje chumvi.

Jumamosi ya harusi alikalia kigoda, upawa mkononi, akimwamuru Bi Parmi aonje kwa niaba yake. Mlangoni pa jiko, katikati ya viatu vya wanawake, kandambili zake mwenyewe, ndogo nyekundu, zilikaa bila zile za kiume.

"Wagiyem, yule bwana yuko wapi?" aliuliza Bi Parmi, mdomo umejaa mchuzi.

"Kaondoka na maji," akasema Bi Wagiyem, akakoroga.