Bibi Skola na andiko la maji ya baridi

Leo nimeshindwa hoja nikiwa ndani ya kisima cha ubatizo, maji yamenifika kiunoni.

Mnaijua baridi ya Songea mwezi wa saba. Na sisi Wabaptisti hatunyunyizi, tunazamisha mtu mzima.

Wa kwanza alikuwa Bibi Skola, miaka sabini na moja. Akachovya mguu, akautoa haraka.

"Mchungaji, haya maji yapashwe moto."

Nikamweleza kwa upole kwamba ubatizo ni kufa na kufufuka pamoja na Kristo. Hatujaja kuoga.

"Sawa. Nionyeshe andiko linalosema yawe ya baridi."

Miezi mitatu ya darasa la ubatizo nimewasisitizia jambo moja: mtu akikufundisha chochote cha imani, hata nikiwa mimi, mdai andiko.

Shemasi wetu akafungua Biblia kunisaidia. Akafunua, akafunua, akaifunga taratibu.

Basi akina mama wakawasha kuni nyuma ya kanisa, wakawa wanamimina sufuria baada ya sufuria, mimi nimesimama humohumo. Maji yakawa vuguvugu, hali ambayo huwa naikemea sana madhabahuni nikihubiri juu ya imani.

Bibi akashuka anatabasamu. Nikamzamisha, akaibuka na haleluya ya kusikika hadi mtaa wa Majengo.

Jamani, yale maji yalikuwa raha. Miaka tisa nabatiza hapa meno yakigongana, kumbe nilikuwa naitii sheria niliyoitunga mwenyewe.

Wachungaji wenzangu, ninyi mnabatizia maji gani? Mnijibu kwa andiko.