Suruali Pana za Fundi

Fundi cherehani mmoja alijishonea suruali pana kupita kiasi. Mle ndani ungeweza kumkaribisha mgeni na ukamwekea kiti. Wateja wakadhani ni mtindo mpya, wakaagiza za kwao. Hawakujua kwamba kila jioni, baada ya kusimama kutwa kwenye meza ya kukatia, korodani yake ya kushoto ilikuwa nzito na kuuma, na juu yake mishipa imevimba kama furushi la minyoo. Wengine huenda kwa daktari. Yeye akachukua mkasi, akaongeza kitambaa.

Miaka ikapita, mtoto hakuna. Mama yake hakuwa na breki mdomoni.

"Mwanangu, umeoa gogo. Litakuzalia nini?"

Mke akayasikia. Chumbani akamwambia mumewe, "Twende wote tukapimwe."

"Nipimwe nini? Mimi mwanamume mzima!"

Mzima wa wapi! Alijua fika kuna kitu, lakini akakaza shingo mpaka mkewe akafungasha nguo, jina la tasa likimfuata nyuma kama mbwa koko.

Maumivu yalipozidi, fundi akajikokota hospitali. Daktari akampapasa, akampima mbegu, akamweleza bila kuzunguka: mishipa inayorudisha damu imelegea, damu inatuama, joto linapanda, mbegu zinadhoofika.

"Wengi wana hali hii na wanazaa. Kwako imeharibu. Dawa yake ni upasuaji mdogo tu. Ulikuwa wapi siku zote, baba?"

Akamkimbilia mkewe wa zamani mtaa wa mbali. Akamkuta kwa mume mwingine, anaanua nguo, tumbo mbele kama mtungi.

"Kumbe ni mimi," fundi akasema.

"Tumbo hili limeshakwambia." Wala hakuiacha kamba. "Pole yako sitaki. Nenda kamwambie mama yako, akanisafishe palepale aliponitangaza tasa."

Fundi akarudi. Mama alikuwa uani na majirani, wanaosha vyombo. Akamwita ndani, akamweleza yote.

Mama akafunga dirisha kwanza. "Shusha sauti! Unataka watu wakucheke? Yule kashaolewa, kashapata mimba. Maneno ya huku yanamdhuru nini?"

Fundi akautazama mlango. Wanawake walikuwa hapo tu, nyuma ya ubao. Akaketi kitandani.

Mama akatoka. Walipomuuliza kuna nini, akasema mwanawe ana homa kidogo.

"Bado anamwaza lile gogo," akaongeza, na fundi akasikia kila neno.