Siku Sudi Aliposema Anaogopa

Ninayo Jumapili moja kichwani ambayo haijafutika, ingawa siku hizi majina ya watu niliokutana nao juzi hunitoka. Ilikuwa mchana na mvua inanyesha. Tulikuwa tukikaa Hayes, pembeni mwa London karibu na uwanja wa ndege, mimi na kaka yangu Sudi, katika nyumba ya kupanga yenye sebule moja na jiko ambalo watu wawili wakiingia inabidi mmoja ageuke ubavu. Nilikuwa bado msichana, najifunza uuguzi. Ndege zilikuwa zikipita juu ya paa hadi vikombe vinatikisika kabatini, na mgeni akiwa katikati ya maneno yake husubiri ndege ipite, kisha huendelea alipoachia.

Mwanangu, nakusimulia haya kwa sababu ya yale niliyoyasikia Jumamosi hapa kwangu Barking. Mlikuwa mmekaa mnatazama habari za yule bingwa wa ngumi aliyetangaza kustaafu, na nyote mkakubaliana kwamba amemkimbia kijana anayemfuata. Nilipouliza mmejuaje, rafiki yako Ilyas akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba bingwa wa kweli haondoki wakati mtu hatari anamsubiri. Sikubishana naye. Nilikwenda jikoni kupasha sambusa, lakini moyo wangu ulikuwa umeshafika Hayes.

Kaka yangu Sudi alianza ngumi Unguja, akiwa bado skuli. Baada ya Mapinduzi ngumi zikapigwa marufuku kisiwani, na kwetu sisi mengine mengi yalikuwa yamekwisha vilevile. Baba alikuwa amefariki, na nyumba yetu ilikuwa ikikaliwa na watu wengine. Sudi akavuka kwenda Dar es Salaam, akapigana huko kidogo, kisha akapata njia ya kuja London. Mimi nikamfuata alipokwisha kupata kazi. Mchana alipakia mizigo uwanja wa ndege. Jioni alikwenda mazoezini katika ghala la zamani, kwa kocha mmoja mzee wa Kiairishi ambaye pua yake ilikuwa imevunjika mara nyingi hata huwezi kujua ilikuwa inaelekea wapi zamani.

Akapanda taratibu. Akashinda mapambano ya utangulizi, watu wakiwa bado wanatafuta viti vyao, kisha akaanza kuwekwa katikati ya ratiba, mpaka akauchukua mkanda wa London, uzito wa kati. Usidhani ni jambo kubwa duniani. Magazeti yaliandika mistari michache. Lakini kwetu sisi, wallahi, ulikuwa kama mkanda wa ulimwengu mzima. Tulikuwa watu tuliotawanyika. Huyu anaosha vyombo hotelini, yule anakata tiketi basini, kila mmoja amezoea kuulizwa anatoka wapi na kisha kuelezwa kwamba mahali hapo hapajulikani. Sudi alipopanda ulingoni, mtangazaji alikuwa akilitamka jina la Zanzibar kwenye kipaza sauti. Alilitamka vibaya, lakini alilitamka, na sisi tuliokaa juu nyuma kabisa tulisimama.

Basi Jumapili nyumba yetu ilikuwa inajaa. Nikisema nayakumbuka maisha yale kwa furaha, usinishangae. Baridi ilikuwa kali na jiko la mafuta ya taa lilitoa moshi, lakini nilipika pilau kwa sufuria la kuazima, na kila aliyeingia alikuja na kitu chake. Mgeni mkubwa alikuwa Jayanti, Mhindi aliyezaliwa Unguja mtaa wa pili na wetu, ambaye sasa alikuwa na duka la vyakula mtaa wa Kenton. Alikuwa akileta bhajia zilizofungwa kwa gazeti, na Kiswahili chake kilikuwa cha Mji Mkongwe hasa, kuliko cha wengi wetu. Wa pili alikuwa Njoroge, Mkenya kondakta wa basi, mtu wa kanisani asiyekosa ibada, lakini akitoka tu kanisani anakuja moja kwa moja kwetu kuzungumza ngumi.

Jumapili ile walikuwa na jambo moja tu mdomoni. Alikuwa ametokea kijana kusini mwa mji, jina lake Vincent, wazazi wake watu wa Jamaika. Kila aliyepigana naye hakufika raundi ya nne. Watu wote walisubiri Sudi akubali kupigana naye, na Sudi alikuwa hajasema neno.

Walibishana kama mnavyobishana nyinyi. Njoroge akasema bingwa anaondoka akiangushwa, basi, hakuna njia nyingine ya heshima. Jayanti akasema sivyo, bingwa anaweza kuondoka akiwa juu, lakini si kabla ya kummaliza yule anayemwinda, maana la sivyo watu watauliza maisha yote. Wakawataja mabingwa wa zamani mmoja mmoja, nani alistaafu akidai mgonjwa, nani alichagua wapinzani wepesi mpaka mkanda ukawa hauna maana. Walizungumza kwa sauti, wakicheka, wakirushiana ngumi za hewani juu ya sahani. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Walikuwa wanampenda.

Sudi alikuwa jikoni nami, anakata vitunguu vya kachumbari. Alivikata vyembamba sana, kama alivyofundishwa na mama. Nikamwona ameacha kukata.

"Nimemwambia kocha jana," akaniambia polepole. "Nimeacha."

Nikamuuliza umeacha nini. Akaniangalia tu, akafuta mikono, akaenda sebuleni.

Alisimama mlangoni mpaka wakanyamaza. Akawaambia kwamba hatapigana na Vincent, wala na mtu mwingine. Jayanti akauliza kama ameumia. Akasema hapana. Njoroge akauliza kama ni kocha aliyekataa. Akasema hapana, kocha alikuwa tayari.

"Sasa ni nini, bwana?" Jayanti akauliza.

"Namwogopa," Sudi akasema.

Njoroge akacheka, akidhani mzaha. Alipoona hakuna mwenzake anayecheka, akatazama sahani yake. Mwanangu, nilikuwa nimesimama nyuma ya kaka yangu na mwiko mkononi, na uso wangu ulikuwa unawaka kwa haya. Sikuwa nimewahi kumsikia mwanamume yeyote akilitamka neno lile mbele ya wanaume wenzake, sembuse yeye.

Akawaeleza bila kuinua sauti. "Nilikwenda kumtazama akipigana. Miaka yote nikienda kumtazama mtu, najiuliza nitampiga wapi. Safari hii nilikaa pale najiuliza yeye atanipiga wapi. Nilitoka nje kabla pambano halijaisha. Mtu akishaanza kujiuliza hivyo, si bondia tena. Kilichobaki ni mwili tu unaokwenda kupigwa."

Jayanti alirudisha bhajia yake sahanini. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumizwa, "Ungeniambia mkono unauma, Sudi. Ningewaambia watu mkono. Wangeelewa."

"Mkono hauumi, ndugu yangu."

Wakala kidogo, kwa adabu, wakaondoka mapema. Nilipokuwa naosha sahani nikashindwa kujizuia. Nikamwambia kaka, kwa nini hukusema mkono? Neno moja tu, na heshima yako ingebaki. Akachukua kitambaa akaanza kunikaushia sahani.

"Rukia," akasema, "nikisema mkono, baada ya miezi michache mkono utakuwa umepona. Watarudi hapa kuniuliza uko vipi. Nitawaambia nini? Kwamba sasa nimevunjika mguu?"

Nilicheka, mwanangu, na machozi yakanitoka palepale.

Jumapili zikawa kimya. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, na hata leo nikipika pilau nyingi kupita kiasi najua ni kwa ajili ya Jumapili zile. Njoroge alikuja mara mojamoja. Jayanti hakuja kabisa. Alikuwa amemsifia Sudi Kenton nzima, na sasa wateja walikuwa wanamchokoza dukani. Vincent aliuchukua mkanda ulioachwa wazi. Siku moja kwenye harusi, bwana mmoja akamwita kaka yangu bingwa wa kukimbia, mbele za watu. Sudi akamjibu, "Ndiyo, na nilikuwa na kasi," akaendelea kula biriani yake. Watu wakacheka, na yule bwana akalazimika kucheka nao. Lakini nilikuwa nimekaa upande wa wanawake namwona, na nikaona alivyoshindwa kumaliza sahani.

Usidhani hakuumia. Mara nyingi nilimkuta anapiga pasi shati lake la kazi huku miguu yake inacheza kama yuko ulingoni, na akiniona anasimama.

Kisha asubuhi moja, siku ya kazi, mlango ukagongwa. Alikuwa Jayanti, bado amevaa koti lake la dukani. Amefunga duka, jambo ambalo hakulifanya hata alipougua. Akakaa jikoni bila kuvua koti. Akasema alikwenda kumtazama Vincent akiutetea mkanda dhidi ya bondia mmoja mzuri, mzoefu, wa rika la Sudi. Bondia yule alianguka raundi ya pili na hakuinuka, akatolewa kwa machela. Alipata nafuu baadaye, lakini ngumi hakupigana tena.

"Nilikaa kiti cha mbele," Jayanti akasema. "Alianguka hapa, kama hapa na hilo kabati. Nikafikiri, hiki ndicho kiti nilichokitaka siku zote nikutazame wewe."

Sudi akamsogezea kikombe. "Kunywa chai, Jayanti. Itapoa."

Hayo tu. Hawakulizungumza tena, na Jumapili iliyofuata bhajia zilikuja zimefungwa kwa gazeti.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo watu wengi wanapokosea wakisikia kisa hiki. Si kuumia kwa mtu mwingine kulikompa Sudi haki. Huenda yeye angeshinda. Njoroge mpaka anakufa alishikilia kwamba Sudi angemchosha yule kijana na kumwangusha raundi za mwisho, na alijua ngumi kuliko mimi. Hatujui, wala hatutajua. Hata kama Vincent angepigwa wiki iliyofuata na mtu dhaifu, kaka yangu angekuwa amefanya sawa. Alijitazama ndani, akaona hofu, akaiita kwa jina lake, kisha akakubali kulipwa kwa dharau. Jayanti na Njoroge walikuwa watu wema, lakini waliitafuta heshima yao katika mwili wa mtu mwingine. Yeye ndiye angepigwa, wao walikuwa na bhajia mkononi.

Sudi aliishi mpaka uzeeni. Alioa, alizaa, aliwafundisha vijana wa Hayes kucheza miguu na kujikinga kabla hajawaruhusu kupiga, na alikufa akikumbuka kila nyumba ya mtaa wetu Unguja, ya nani, na mlango wake ulitazama wapi.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Unapomwona mtu anaacha kitu ambacho wewe hujawahi kukishika, usiharakishe kumpa jina. Muulize, au nyamaza. Na siku yako itakapofika, maana itafika, iwe kazini, iwe katika ndoa, iwe katika jambo lolote ulilokuwa hodari kwalo, sema sababu yako ya kweli hata kama inakutia aibu. Ya uongo itakuomba nyingine kila mwaka. Usipigane ili kumridhisha mtu asiyekuwa ulingoni nawe, wala usimtume mtu akapigane kwa niaba ya kiburi chako.

Mwenyezi Mungu akupe mikono yenye nguvu na busara ya kujua lini uishushe. Akupe rafiki atakayerudi kukugongea mlango. Akuzeeshe na akili zako timamu, kati ya watu wanaokupenda kwa jinsi ulivyo. Amina.